Mafaili ya sed yalivyonitia adabu kwenye kudiploi

Nimemaliza kudiploi, yaani kupeleka toleo jipya la programu, tawi la tisa leo jioni na hakuna aliyenipigia simu, na kwa sisi watu wa mifumo simu isipolia ndio pongezi zenyewe, kwa hiyo nimekaa na chai yangu nikasema ngoja niandike hii kitu kabla sijaisahau, maana miaka kadhaa nyuma ningempata mtu wa kunisimulia haya ningeokoa Jumamosi nyingi sana.

Iko hivi. Tuna mfumo wa maduka ya dawa, ule wa kawaida tu, mauzo, stoo, risiti, dawa zinazokaribia kuisha muda. Kuna mteja mmoja ana matawi kibao, Kariakoo, Mbagala, Morogoro, Dodoma, Mbeya, Mwanza na kwingine. Kila tawi lina kiseva cha Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kimekaa chini ya kaunta, kwa sababu mtandao ukikata (na unakata) huwezi kumwambia mgonjwa asubiri intaneti irudi ndio apewe dawa. Programu ni ile ile kila tawi. Kinachobadilika ni vitu kama kumi na tano hivi kwenye faili la konfigi, yaani mipangilio ya programu: anwani ya database, anwani ya printa, jina la tawi linalotoka juu ya risiti, folda ya bakapu, porti, na kadhalika.

Mwanzoni tulikuwa tunaingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali), unafungua nano (kihariri cha maandishi), unabadilisha kwa mkono, unafunga, unasali. Matawi mawili hiyo njia inakubali. Yakifika matano unaanza kuona risiti za Mwanza zimeandikwa MOROGORO kwa juu kwa sababu jana yake ulikopi konfigi ya tawi lingine usiku ukiwa umechoka. Nikaamua kuandika skripti ya bash, yaani faili la amri zinazojiendesha zenyewe, na ndani yake kukawa na if ya kila tawi na mistari ya sed (programu ya kutafuta na kubadilisha maandishi) imepangana kama mabati, ikawa kila likija tawi jipya lazima niiguse ile skripti, na nikikosea nukuu moja kwenye kipande cha Dodoma basi hata Kariakoo hawapati toleo jipya. Yaani tofauti za maduka, ambazo sio programu, zilikuwa zimeingia ndani ya kodi (hii ya kompyuta, sio ya TRA) na kila mtu akawa anaogopa kuifungua.

Wazo la kuzitoa nje halikuwa langu kusema ukweli. Zamani nilifanya kazi sehemu wanaotumia Windows, na wale watu wa .NET, mfumo wa Microsoft wa kutengenezea programu, tangu Visual Studio 2010 wana kitu kinaitwa XDT, unakuwa na Web.config yako ya kawaida halafu pembeni unaweka Web.Release.config ambayo sio konfigi nzima, ni maelekezo tu: hapa badilisha hiki, pale toa kile. Konfigi mama inabaki safi, mabadiliko yanakaa faili lingine. Nikajiuliza kwa nini sisi wa Linux tuteseke, nikakumbuka sed ina opsheni ya -f, unaipa faili lenye sheria zako yenyewe inazisoma kutoka huko. Na sed ni ya kale jamani, Lee McMahon aliiandika Bell Labs kama 1973 au 1974 hivi, wengi wetu tunaoitumia hata hatujazaliwa. Sisi tunaitumia kwa kamstari kamoja tulikokopi mahali tukidhani ndio yote hiyo.

Nikatengeneza folda, ndani yake kila tawi na faili lake: kariakoo.sed, mbagala.sed, mbeya.sed. Skripti ikapungua ikabaki mistari kama thelathini, haijui tawi lolote, inaambiwa jina la tawi inaenda kuchukua faili. Nilijiona mjanja sana. Faili la Mbeya lilianza hivi:

s/192.168.1.2/192.168.1.7/g
s|/opt/dawa/bakapu|/mnt/diski2/bakapu|
s/TAWI_JINA/MBEYA/

Ule mstari wa pili una vile vijiti vilivyosimama kwa sababu njia za folda zina mikwaju (/) mingi na sed haikulazimishi kutumia mkwaju kutenganisha, unaweza kuweka alama nyingine unayotaka. Hilo nalijua. Tatizo lilikuwa mstari wa kwanza, ambao ukiuangalia haraka hauna ubaya wowote, na mimi niliuangalia haraka.

Jumamosi asubuhi simu. Dada wa kaunta Mbeya, mpole kabisa: "Kaka habari za asubuhi, samahani kukusumbua, hivi risiti za wateja mmezihamishia ofisini kwa meneja?"

Nikamuuliza kwa nini. Akasema meneja ameshuka na makaratasi ya A4 mkononi anauliza haya ni nini, kila karatasi ina panadol mbili na amoksilini halafu alama za ajabu ajabu pembeni, na huku kaunta printa imenyamaza na foleni imefika mlangoni.

Sasa angalia. Seva kwenye konfigi mama ilikuwa 192.168.1.2 na Mbeya inatakiwa iwe 192.168.1.7, sawa. Lakini printa ya risiti ilikuwa 192.168.1.20, na sed haijui kwamba hii ni anwani nzima na ile ni anwani nyingine, yenyewe inaona herufi tu. Ikakuta 192.168.1.2 mwanzoni mwa 192.168.1.20, ikabadilisha, sifuri ikabaki imening'inia mwishoni, tukapata 192.168.1.70. Na 192.168.1.70 pale Mbeya ni nani? Ni printa ya ofisini kwa meneja. Ingekuwa hakuna kitu kwenye hiyo anwani ningepata kosa la wazi la printa haipatikani, lakini bahati mbaya mtu alikuwepo akapokea.

Aibu yenyewe haikuishia hapo. Mimi nikajifanya nimeshajua, nikasema aah ni ile nukta, maana kwenye sed nukta haina maana ya nukta, ina maana ya herufi yoyote ile, kila mtu anajua. Nikaweka mkwaju wa nyuma (\) kabla ya kila nukta, nikadiploi tena huku nimemshikilia dada kwenye simu, "haya jaribu sasa." Kimya. Halafu nasikia kwa mbali sauti ya meneja anashuka ngazi tena. Nukta nilikuwa nimezirekebisha na zilistahili kurekebishwa, ila hazikuwa ndio ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa mwishoni mwa namba, palikuwa hapana kitu kinachoiambia sed ishia hapa. Kwenye sed ya GNU, ile ya Linux, unaweka \b pale mwisho, alama ya ukingo wa neno. Nikaweka, foleni ikaanza kutembea, meneja akabaki na A4 zake.

Baada ya siku hiyo niliacha kabisa kuwinda thamani. Konfigi mama ikaacha kuwa na anwani za kweli, ikawa na vitambulisho vya @@SEVA@@, @@PRINTA@@, @@TAWI@@, kitu ambacho hakiwezi kutokea kwa bahati mbaya sehemu nyingine, na sheria zikawa zinatafuta hivyo tu. Ukiniuliza kipi ningekifanya siku ya kwanza kama ningerudi nyuma, ni hicho. Unapotafuta thamani unategemea isifanane na kitu kingine chochote kwenye faili zima leo na hata kesho mwenzako akiongeza mstari, nani anaweza kukuahidi hivyo.

Dodoma nako walinifundisha lingine. Makao makuu walihamia https, sasa kwenye faili la Dodoma nikaongeza s/http/https/ fasta fasta, na wakati huo skripti ilikuwa inatumia sed -i, yaani inabadilisha faili lile lile linalotumika pale dukani. Toleo la kwanza likaenda vizuri. Alhamisi nikatuma toleo jingine dogo, sheria zikapita tena juu ya faili lile lile, ambalo sasa tayari lina https, na ndani ya https kuna http, kwa hiyo ikawa httpss. Duka halikusema kitu kwa sababu linauza lenyewe bila mtandao, kazi ya kutuma mauzo makao makuu ndio ilikufa, tena kimya kimya. Jumatatu mama mhasibu ananipigia, namsalimia shikamoo mama, marahaba, halafu ananiuliza kwa sauti ile ya upole inayotisha kuliko ukali, "mwanangu, hivi Dodoma siku hizi hawauzi dawa?" Siku nne. Mauzo yalikuwepo yote kwenye kiseva hakuna kilichopotea, ila elewa tu nilivyojisikia.

Tangu hapo hakuna -i. Skripti inachukua templeti safi (ile konfigi mama yenye vitambulisho) kutoka kwenye toleo, inaipitisha kwenye sheria, inaandika faili jipya pembeni, likishakaguliwa ndio linahamishwa kwa mv kwenda mahali pake. Ukirudia mara kumi unapata jibu lile lile mara kumi, kwa sababu kila mara unaanzia kwenye templeti, huanzii kwenye matokeo ya jana. Na faida ya pembeni ni kwamba yule kijana wetu anayetumia Mac aliacha kunilalamikia, maana sed ya Mac ukiandika -i bila kuipa kiambishi cha bakapu inakasirika, wakati ile ya Linux haina neno.

Nywila sasa. Mtu alibadilisha nywila ya database akaweka alama ya "na", ile &, katikati. Tuseme ilikuwa Simba&Chui7 (haikuwa hiyo, msijaribu). Sheria ikawa s/@@NYWILA@@/Simba&Chui7/ na matokeo yake:

nywila=Simba@@NYWILA@@Chui7

Nilikaa nikaiangalia hiyo mistari kwa muda mrefu nikidhani nimerogwa. Kumbe upande wa kulia wa sheria ile & ina maana ya "kile kitu ulichokipata", kwa hiyo sed ilifanya nilichoiambia neno kwa neno. Unaweka mkwaju wa nyuma kabla yake inatulia. Na hapo hapo tukagundua lingine baya zaidi, kwamba kumbe nywila za matawi yote zimekaa kwenye mafaili ya sheria na mafaili ya sheria yapo kwenye Git, ghala letu la kodi, na Git tumepewa watu saba. Tukabadilisha nywila zote wiki hiyo hiyo, na za sasa zinakaa kwenye seva ya tawi yenyewe, faili la pembeni lenye chmod 600 (mwenye faili tu ndiye anayelisoma), haziingii Git. Wala sitaki kulizungumzia sana hili.

Ila kilichonisumbua kuliko vyote sio & wala nukta. Ni ile tabia ya sed kukaa kimya. Sheria ikikosa cha kubadilisha haisemi. Inamaliza na sifuri, mafanikio, kijani, kila mtu afurahi. Kijana wetu alibadilisha kwenye templeti @@PRINTA@@ akaiita @@PRINTA_RISITI@@ kwa sababu tulikuwa tunaongeza printa ya lebo, wazo zuri kabisa, ila mafaili ya matawi hakuyagusa. Skripti ikapita matawi yote, kila moja "imefanikiwa", na maduka yakaamka asubuhi programu inatafuta printa inayoitwa @@PRINTA_RISITI@@. Nilitaka kumfokea nikakumbuka A4 za meneja, nikanyamaza.

Kwa hiyo tukaweka ukaguzi wa pande mbili, na huu ndio nadhani umetuokoa mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Upande wa kwanza, baada ya kubadilisha, grep inatafuta kama kuna @@ yoyote imebaki kwenye faili jipya, ikikuta hata moja skripti inagoma na faili la zamani linabaki linafanya kazi. Upande wa pili ndio watu wanausahau: kabla ya kubadilisha, kila kitambulisho kilichoko kwenye faili la tawi lazima kiwepo kwenye templeti, kisipokuwepo inagoma pia. Maana sheria inayotafuta kitu ambacho hakipo ni kama mlinzi wa geti la nyumba iliyoshavunjwa, analipwa, anavaa sare, analinda hewa.

Halafu tukafika mahali nikagundua mafaili ya sed yenyewe ni tatizo, sio kwa kompyuta, kwa watu. Anayejua printa ya Mwanza iko anwani gani ni fundi wa Mwanza, sio mimi niliyeko Dar. Na yule fundi ukimpa s|@@PRINTA@@|192.168.1.20| anakuuliza kama umekosea kuandika. Nikajaribu envsubst ile inayokuja na gettext, unaandika tu $PRINTA kwenye templeti inajaza yenyewe kutoka kwenye vigezo vya mazingira (thamani ambazo mfumo umeshapewa), nikasema hapa tumefika. Hatukufika. Konfigi ya nginx (programu ya seva ya wavuti) nayo ina $host na $remote_addr zake mwenyewe, envsubst ikazikuta, haina thamani zake, ikazifuta zote zikabaki nafasi wazi. Unaweza kuipa orodha ya zile inazoruhusiwa kugusa na zingine inaziacha, na hiyo ndio njia sahihi ukiitumia, ila nikawa nimeshachoka nayo.

Tulichoishia nacho ni faili la kawaida kabisa, neno, alama ya sawasawa, thamani:

TAWI=MWANZA
SEVA=192.168.1.4
PRINTA=192.168.1.20

Skripti ndio inayasoma hayo na kutengeneza sheria za sed yenyewe, ikiweka mikwaju ya nyuma panapohitajika, kwa hiyo mtu akitaka kuweka & kwenye jina la tawi aweke tu. Kuna faili la msingi lenye thamani za kawaida, na la tawi linapita juu yake kubadilisha yale machache tu yaliyo tofauti. Fundi wa Mwanza sasa hivi anahariri mwenyewe, ananitumia, mimi nasoma nadiploi. Mambo ya JSON na YAML (miundo mingine ya kuandika konfigi) hatuyachezei na sed, sed haijui mabano wala nafasi za mwanzo wa mstari, kwa JSON tuna jq inayoelewa ile kitu ni nini.

Fundi huyo huyo alinipa usiku mmoja mzuri sana. Aliliandika upya faili lake kwenye Notepad ya Windows akanitumia kwa WhatsApp, nikaweka, ukaguzi wote kijani, programu inakataa kuamka, na kwenye logi naona hivi:

:5432indwa kufika 192.168.1.4

Indwa ni nini? Nilidhani logi imeharibika. Nikasoma kodi ya programu, ujumbe unatakiwa useme "imeshindwa kufika 192.168.1.4:5432". Baadaye ndio ikanijia, Notepad kwenye faili jipya inamaliza mistari kwa herufi mbili, na ile moja isiyoonekana, ya kurudi mwanzo wa mstari, ilikuwa imeganda kwenye mkia wa anwani, kwa hiyo terminali ikiandika ilifika mwisho wa anwani, ikarudi mwanzo, ikaandika :5432 juu ya "imesh". Ukifungua faili na cat -A unaiona pale, ^M mwishoni mwa kila mstari, imekaa kama kunguni. Sasa hivi skripti inazifuta kabla ya kusoma chochote, kwa sed, ndio, na kwenye Git tumeweka .gitattributes inayolazimisha mwisho wa mstari wa Linux. Fundi sijamwambia aache Notepad. Aliniuliza kosa lilikuwa la nani nikamwambia la skripti, na kweli lilikuwa la skripti, faili tumempa yeye alihariri na kompyuta yake ni ya Windows.

Siku hizi kabla ya kutuma popote natengeneza konfigi za matawi yote tisa kwenye laptopu yangu halafu nazilinganisha kwa diff -ru na zile za toleo lililopita, na kijana wetu anasoma pamoja na mimi. Inachukua kama dakika kumi. Mara nyingi diff ni mistari minne mitano, unaona hii imebadilika hapa na hapa, ndio tulichotaka, twende. Siku diff ikitoka ndefu kuliko ulivyotegemea unaweka chai chini.

Kwenye faili la Mbagala kuna mstari mmoja, MUDA_PRINTA=30, na juu yake kuna maelezo yameandikwa "usiguse hii, muulize kwanza kaka." Kaka ni mimi. Git inasema niliuandika mimi, saa saba usiku, na ujumbe wa komiti (maelezo ya badiliko) ni "marekebisho". Sikumbuki kabisa kwa nini. Faili la msingi nalo linasema 30, kwa hiyo ule mstari unabadilisha 30 kuwa 30. Wiki iliyopita niliutoa kwenye laptopu, nikatengeneza konfigi, nikapiga diff, hakuna tofauti hata herufi moja. Nikaurudisha.